Mimi Nasema Mpira Tu

Msimu huu, nawaambia, Nyota ya Enyau haishuki daraja.
Sisemi tutachukua kombe. Kombe ni la wenye basi.
Sisi tuna lori la saruji la Hajati Zamzam,
likirudi Arua mapema kutoka Pakwach.
Lakini hatushuki. Andikeni kwa chaki hapo mlangoni,
chini ya "Fundi Ratibu: Suruali, Sare, Jezi".

Golini tuna Candia, anadaka hata uvumi.
Beki wa kulia ni mtoto wa muuguzi wa hospitali kuu,
anakaba kama deni la Januari.
Kiungo hatuna. Kiungo alikwenda Kampala kufanya majaribio,
mara ya mwisho alionekana akiuza laini za simu.
Na mbele, mbele tuna Kapteni Alioni.

Hapo ndipo mnapocheka.

Miaka kumi na minane anavaa tisa.
Tisa ya kwanza niliikata mimi, kwa kitambaa cha mwamvuli,
mwaka ule upepo ulipoondoka na paa la shule.
Alikuwa moto. Nani anabisha? Alitutoa matopeni,
akawafunga Lira matatu, kiatu kimoja mguuni.
Ila goti lina hesabu yake, halidanganywi kwa nyimbo.
Siku hizi anatembea mpaka kwenye kona
na sisi tunapiga makofi kwa sababu amefika.

Kocha anaogopa kumtoa. Refa anamwita mzee.
Kila mkutano mkuu wa klabu tunapiga kura,
kila kura inarudi na jina lake,
hata mwaka jana, tulipokuwa watu arobaini ukumbini
na karatasi zikatoka hamsini na mbili.
Mimi nasema mpira tu.
Wewe pale mwenye miwani, kama unaandika, andika: mpira.

Siasa nimeiweka kwenye droo,
pamoja na sindano zilizokatika.
Mgombea alikuja Jumanne na mpira mmoja, wapiga picha watatu.
Mpira ulipasuka Alhamisi kwenye michongoma.
Picha bado ipo ukutani, nzima, imejaa upepo.
Akaniagiza fulana mia nne zenye uso wake.
Mpinzani wake naye akaagiza mia.
Cherehani haikuuliza. Nilizishona zote kwa uzi mweupe,
maana uzi mweusi umepanda bei.
Wa kwanza alilipa nusu. Wa pili alilipa salamu.

Sasa sikilizeni ya Jumapili.
Tuko nyuma moja bila, dakika ya themanini,
kocha akapata moyo. Kibao kikainuliwa: tisa.
Pembeni ya chaki amesimama Ezati, miaka kumi na tisa,
jezi haina namba, sikupata nafasi ya kuishona.
Alikuwa bado anatambaa tisa ile ilipokatwa.
Ana magoti mawili mazima na hasira ya kutosha.
Alioni akatazama kibao. Akatutazama sisi.

Na nani alipiga kelele ya kwanza, "Asitoke!"?
Mimi.
Sauti hii hii inayowahutubia hapa kila jioni.
Ikashika uwanja mzima kama moto wa nyasi,
kocha akashusha kibao,
mtoto akavaa tena koti lake la mvua.
Tukafungwa la pili.

Nyumbani Hawa akaniuliza, kumbe unamtaka?
Simtaki. Basi? Nikanyamaza na sahani yangu.
Nimweleze nini? Kwamba mwaka ule wa mwamvuli
nilikuwa na nywele, mama alikuwa hai,
na nilipomwona anageuka kuelekea benchi
nilihisi ninayevuliwa jezi ni mimi?

Jana usiku nimekata tisa mpya. Hii hapa, chini ya pasi.
Sijui itakaa mgongo wa nani.
Jumapili tuna Nebbi, kwao. Nasema sare, moja moja.
Na mtu asiniletee habari za kura.
Niletee mkaa, pasi inapoa.